Kavetsa na Redio ya Kaunsili Nne

Kavetsa alikuwa na sauti ya chini isiyo na haraka, na sauti hiyo ndiyo iliyompa kazi. Alipomaliza shule kwao Maragoli alikuja Nairobi kwa dada yake Lenah, Kawangware, akawa anamsaidia kufunga mafungu ya sukuma wiki huku akitafuta kibarua. Siku moja akasikia kwamba stesheni ya zimamoto inataka mtu wa kushika simu. Waliofika kuomba walikuwa wengi, na wengi walikuwa na vyeti vizuri kuliko chake. Mkubwa aliyewahoji aliingia chumba cha pili akawapigia simu mmoja mmoja, akijifanya mtu ambaye nyumba yake inaungua. Alilia, akatukana, akapiga mayowe. Wengine walianza kupiga mayowe pamoja naye. Kavetsa alimwambia, "Niko hapa, baba. Niambie ni kitu gani kikubwa unaona karibu na wewe." Akaandikwa wiki hiyo hiyo.

Aliolewa na Murunga, fundi wa mbao kutoka nyumbani kwao, wakapanga chumba Lindi, huko Kibera. Ukuta wao wa udongo ulikuwa pia ukuta wa Nereah, mama mmoja kutoka upande wa ziwa aliyefua nguo za watu katika maestate, mitaa ya wenye mishahara. Usiku walisikia kikohozi cha mwenzao na kugonga ukuta kuulizana kama kuna mtu mgonjwa. Kavetsa akiwa zamu, Nereah ndiye aliyempa mtoto wa Kavetsa uji. Nereah akienda kufua, mtoto wake mchanga alibaki mgongoni mwa Kavetsa.

Siku za mapumziko Kavetsa alikwenda kumwona dada yake mahali alipouzia. Lenah hakuuzia Kawangware penyewe. Aliuza mbele ya Riruta, pale barabara inaposhuka kwenye mtaro mpana wa maji ya mvua. Mtaro huo ndio uliokuwa mpaka. Huku ilikuwa kaunsili moja, ng'ambo ilikuwa kaunsili nyingine, na akina mama wenyewe walipaita Mpakani. Lori la askari wa kaunsili ya huku likija, walifunga mboga zao ndani ya gunia na kuvuka juu ya ubao. Askari walisimama ukingoni wakitukana tu, kwa sababu ng'ambo hawakuwa na amri. Wa ng'ambo wakija, akina mama walirudi huku. Kanjo, yaani askari hao wa kaunsili, wa pande mbili hawakuwa na njia ya kuitana.

Mwenzake Lenah alikuwa Mutheu, Mkamba mnene aliyeuza ndizi na pojo. Mutheu akishavuka, alikuwa akiweka kikapu chini, anageuka na kuwapungia askari mkono kama mtu anayeaga wageni wake. Kavetsa aliliona jambo hilo mara moja kwa macho yake, akacheka mpaka akakaa chini juu ya gunia.

*

Moto wa Lindi ulitokea mwaka wa tisini na nne, wakati wa kiangazi, mchana kweupe. Jiko la mafuta ya taa lililipuka katika kibanda cha chapati. Kavetsa alikuwa kazini. Mwenye duka mmoja ndiye aliyepiga simu, na aliposema "Lindi, nyuma ya kanisa la mabati," Kavetsa alijua ni mlango wa nani ulio hapo.

Stesheni yake ilikuwa na gari moja linalotembea, na tangi la gari hilo lilikuwa limetoboka. Alilituma hivyo hivyo, angalau lilikuwa na mipira ya maji na watu. Kisha akapigia simu kaunsili jirani, ambao gari lao lilikuwa zima na limejaa maji. Walikubali bila kusita. Gari lao likatoka, na tangu lilipotoka getini, kwa Kavetsa likawa kama limezama. Kila kaunsili ilikuwa imenunua redio zake wakati wake na mahali pake, na redio za hawa hazikuweza kusikia za wale.

Dereva wa gari la jirani hakuijua Kibera. Aliingia kwa upande wa Silanga, akafuata njia ya kando ya bwawa mpaka ikawa nyembamba kuliko gari, akasimama katikati ya mashamba ya mboga akingoja kuelekezwa. Gari la Kavetsa lilikuwa limesimama upande wa pili wa moto, mipira imeshatandazwa chini, haina maji.

"Kontroli, wenzetu wako wapi?" dereva wake aliuliza kwenye redio. "Kontroli, huku watu wanatupiga mawe. Wanataka maji. Wako wapi?"

Kavetsa alipigia ofisi ya kaunsili jirani. Opareta wao akamwambia angoje, amwulize dereva wake kwa redio yao, kisha ampigie tena. Kavetsa akaweka simu chini akangoja. Simu ililia, akaidaka, na hakuwa opareta. Alikuwa mtu wa Lindi akilia. Ikalia tena, mtu mwingine wa Lindi. Kila aliyekuwa na simu karibu na Kibera alikuwa akimpigia yeye, na opareta wa jirani hakuweza kupenya. Kavetsa aliwajibu wote kwa sauti ile ile ya chini. Aliwaambia gari lipo. Lilikuwepo kweli.

Moto ulizimika watu walipobomoa nyumba kwa mikono yao ili usipate pa kurukia. Jioni Kavetsa alifika nyumbani akamkuta Murunga amekaa nje juu ya benchi lake la kazi, mtoto wao mapajani, wote wawili wazima na weusi kwa masizi. Ukuta wa Nereah haukuwepo.

"Alikuwa ametoka," Murunga alisema. "Alikuwa huku nje na sisi. Halafu akakumbuka mtoto amelala."

Murunga ndiye aliyetengeneza jeneza, kwa mbao alizokuwa ameweka za kabati la mtu. Alitengeneza moja tu. Mama na mtoto hawakuweza kutenganishwa.

*

Magazeti yaliandika, na madiwani wakasema maneno mengi. Baadaye wafadhili fulani wakaahidi vyombo, na kaunsili nne zilizopakana zikakubaliana kwamba ziwe na redio moja ya pamoja, itakayotumiwa na zimamoto, ambulensi na askari. Kamati ikaundwa. Mkubwa wa stesheni hakuupenda ukumbi wa mikutano, akamtuma Kavetsa. "Wewe ndiye ulikuwa kwa redio siku ile," alimwambia. "Waambie."

Kamati ilikaa zaidi ya mwaka mmoja. Walikaa katika ukumbi wenye mapazia mazito, wakaletewa chai na sambusa, wakabishana. Mkutano mmoja mzima uliishia katika jambo la mlingoti wa redio: usimame kilima cha nani, na nani aulipie stima. Mwingine uliishia katika jina la kaunsili ipi litangulie kwenye barua. Kavetsa alikaa mwisho wa meza. Alikuwa na mimba ya pili, na harufu ya sambusa ilimchefua.

Mtu aliyeletwa na wafadhili kupanga mitambo alikuwa injinia mmoja aitwaye Ndeti, mwembamba, mpole, mwenye koti lililochakaa viwiko. Yeye alichora ubaoni akawaeleza kwamba mtambo wa juu ya kilima utapokea sauti dhaifu na kuirudisha ikiwa na nguvu, ili mtu wa kaunsili ya kwanza asikike mpaka ya nne. Kisha akachora mistari mitatu.

"Mimi nashauri laini tatu," alisema. "Zimamoto na ambulensi wawe na yao. Askari wawe na yao. Halafu kuwe na ya tatu, ya watu wote kukutana wakati wa shida."

Mwenyekiti akauliza kama laini tatu ni mitambo mitatu. Ndeti akasema ndiyo, au karibu hivyo. Minong'ono ikaanza mezani. Hapo ndipo Kavetsa aliposimama, ingawa hakuna aliyemwuliza.

"Mimi sitaki laini tatu," alisema. "Mimi nilikuwa na gari huku na gari kule, na moto katikati. Hawa hawasikii wale. Mkiweka laini tatu, siku moja mtu atakuwa kwa ile ya kwanza na mwenzake kwa ile ya tatu, na itakuwa vile vile. Wekeni moja. Mtu akiongea, wote wasikie."

Akawaeleza kuhusu Nereah. Alieleza bila kulia, hata mtu wa chai akasimama na birika mkononi. Alipokaa, aliyesimama baada yake alikuwa Wesonga, inspekta wa askari wa kaunsili yao, mtu nadhifu aliyevua kofia kabla ya kuongea.

"Mama Kavetsa amesema ukweli," Wesonga alisema. "Laini moja. Hata sisi upande wa askari tunateseka. Watu wanavunja sheria hapa, wanaruka mpaka, tunabaki tukitazamana. Tukisikilizana, hakuna pa kutorokea."

Kavetsa aliitikia kwa kichwa kumwunga mkono. Alidhani anawasema wezi wa magari. Mtaro wa Mpakani, na dada yake aliyeishi kwa kuuvuka, havikumjia akilini hata kidogo. Kura ikapigwa, laini moja ikapita.

Ndeti alimkuta kwenye ngazi akiteremka. "Laini moja hubeba sauti moja tu kwa wakati," alimwambia taratibu. "Mmoja akibonyeza, mwingine hawezi. Askari ni wengi kuliko nyinyi."

"Bwana Ndeti," Kavetsa alisema, "wewe hukukaa pale nilipokaa mimi."

Ndeti alimtazama, akakubali kwa kichwa, akampisha apite.

*

Redio ilifunguliwa mwaka wa tisini na sita, kwa sherehe na wacheza ngoma. Miezi ya kwanza Kavetsa aliona kwamba alikuwa amesema sawa. Vibanda vya makaa viliposhika moto Silanga, magari mawili ya kaunsili mbili yaliitana barabarani kama ndugu: wewe pita kwa bwawa, mimi napita juu, usisimame, njoo, njoo. Hakuna aliyekufa. Kavetsa alirudi Lindi siku hiyo akanunua nyama, na Murunga akamwita "Mama Redio" mbele ya majirani. Jina likamshika. Mpaka Kawangware watu wakajua kwamba dada mdogo wa Lenah ndiye yule wa redio ya kaunsili.

Kisha alasiri moja Wesonga akaingia katika chumba cha kontroli, akavua kofia kama kawaida yake.

"Mama, kesho asubuhi tuna operesheni," alisema. "Kaunsili mbili pamoja. Wa kwetu watashuka na barabara, wa ng'ambo watakuwa wamejificha na malori yao. Wa kwetu wakikwambia wameingia, wewe uwaambie wa ng'ambo wajitokeze. Ukirudia wewe kwa sauti yako, hakuna atakayesema hakusikia."

"Operesheni wapi?"

"Mpakani. Pale kwa mtaro."

"Pale ni mama mboga tu," Kavetsa alisema.

"Ni mama mboga, ni mitumba, ni kila kitu. Madiwani wamechoka kuchekwa." Wesonga akavaa kofia. "Na hii isitoke hapa, mama. Ikitoka, tutajua imetokea wapi."

Jioni hiyo Kavetsa hakwenda Lindi moja kwa moja. Alikwenda Kawangware. Alimkuta Lenah akiosha miguu ndani ya karai, mlango wazi, sufuria ya maharagwe jikoni.

"Dada, kesho usiende soko."

"Kwa nini?"

"Usiende tu. Nakuomba."

Lenah aliacha kuosha. "Ni kanjo?"

Kavetsa aligeuka akaufunga mlango.

"Kanjo wanakuja kila siku, tunavuka," Lenah alisema. "Wewe si umeona."

"Kesho hakuna kuvuka."

Lenah aliutoa mguu kwenye maji, akaukausha polepole kwa leso. Alikuwa ameelewa. "Basi wacha nipitie kwa Mutheu nimwambie. Na yule mama wa nyanya, na wale wasichana wa—"

"Ukiambia mmoja, utakuwa umeambia soko lote," Kavetsa alisema. "Wakikosa kuwapata, watajua ni mimi. Watanifuta kazi, Lenah. Wataniweka ndani. Nina watoto wawili."

"Mutheu ako na wanne."

"Watachukuliwa ndizi tu. Watalala seli, watatoka. Hakuna kitu kingine."

Maharagwe yalichemka yakamwagika jikoni, na hakuna aliyeinuka. Mwishowe Lenah alisema, "Rudi kwako, giza linaingia." Kavetsa aliondoka bila kujua dada yake ataamua nini.

*

Asubuhi mkubwa wa stesheni mwenyewe alikuja akasimama nyuma ya kiti cha Kavetsa. Redio ilikuwa kimya. Kisha ikaguruma.

"Kontroli, tumeingia. Ova."

Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe. Baadaye alimwambia Murunga kwamba alifikiria kunyamaza, kusema chombo kimeharibika, kumwaga chai juu yake. Lakini mkubwa alikuwa pale nyuma anapumua, na kidole kikabonyeza, na sauti yake ikatoka ile ile ya siku zote.

"Upande wa pili, wenzenu wameingia. Jitokezeni. Ova."

Baada ya hapo hakuwa na nafasi tena. Laini ilijaa wanaume. "Wanavuka! Wanavuka!" "Wacha wavuke, sisi tuko hapa." "Shika huyo wa gunia!" Mmoja alikuwa akicheka huku amebonyeza kitufe, na kicheko chake kiliendelea na kuendelea, na nyuma yake Kavetsa alisikia wanawake. Hakuweza kusikia wanasema nini. Alikaza sikio kutafuta sauti ya Lenah.

Kisha katikati ya makelele ikapenya sauti ya kijana. "Kontroli, kuna mama huku chini ya mtaro. Ubao umevunjika, wamemkanyaga. Haamki. Tunataka—" Ikakatwa na mtu anayeuliza funguo za lori.

"Rudia," Kavetsa alisema. "Nani amesema kuna mtu mtaroni? Rudia. Ova."

Kuna ambulensi iliyokuwa barabarani si mbali na hapo, inarudi kutoka hospitali. Ilikuwa na redio ile ile na laini ile ile, na ikiwa barabarani haikuwa na simu. Kavetsa aliiita. Mwito wake ukagongana na sauti za askari ukapotea. Akaiita tena. Akabonyeza na kubonyeza.

"Ondokeni kwa laini! Wacheni laini! Kuna mtu anakufa, wacheni laini!"

Alikuwa anapiga mayowe. Watu wa stesheni walikuja mlangoni, kwa sababu hawakuwa wamewahi kumsikia hivyo. Wale waliokuwa Mpakani hawakusikia lolote. Kila mmoja alikuwa amebonyeza kitufe chake.

Ambulensi ilipita barabara ya juu ikaenda zake. Askari kijana yule na mwenzake walimbeba mama wakamweka ndani ya lori, juu ya magunia ya nyanya zilizopondeka, na lori likakaa kungoja lijae kabla ya kuondoka. Alipofikishwa hospitali walisema wamepokea maiti.

Alikuwa Mutheu. Lenah hakuwa sokoni siku hiyo.

*

Akina mama wa Mpakani waliotoka seli walifika kwa Lenah jioni ya siku ya tatu. Hawakuja na fujo. Walijaa mlangoni, wengine bado na majeraha, na mama wa nyanya ndiye aliyeongea.

"Lenah, wewe hukosi soko hata ukiwa na malaria," alisema. "Siku ile ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa."

"Ulijua?"

Lenah hakujua kudanganya. Alikuwa hivyo tangu utoto. Alisimama na mwiko mkononi akatazama chini, na hilo lilitosha. Waliondoka mmoja baada ya mwingine. Wiki iliyofuata alipokwenda Mpakani alikuta mahali pake pamewekwa viazi vya mtu mwingine, na alipomsalimu mwenye viazi hakuitikiwa. Kikundi cha mazishi kikamtoa. Kwenye matanga ya Mutheu, hapo hapo Kawangware, alifika na sukari na majani chai akaambiwa na mtoto wa kwanza wa marehemu kwamba chai ipo.

Kabla ya mwezi kwisha Lenah alifunga vitu vyake arudi Maragoli. Alipitia Lindi kuaga, lakini hakuingia ndani. Alisimama mbele ya benchi la Murunga, Murunga akaacha randa yake.

"Nilitaka kukuambia kitu kimoja," Lenah alimwambia Kavetsa. "Ungeniacha niende. Ningeenda na wao, ningeanguka na wao ama nishikwe na wao. Saa hii ningekuwa na watu."

"Nilitaka upone."

"Nimepona," Lenah alisema. Akachukua begi lake.

Kamati ilikaa tena kupokea ripoti. Wesonga alisoma kwamba operesheni ya kwanza ya pamoja ilifaulu, kwamba mawasiliano yalikuwa bora, na kwamba mwanamke mmoja alijikwaa akikimbia. Kavetsa alisimama. Aliomba laini ya zimamoto na ambulensi itengwe, kama Injinia Ndeti alivyokuwa ameshauri. Aliwaeleza juu ya ambulensi iliyopita barabara ya juu. Ndeti hakuwepo. Kazi yake ilikuwa imekwisha na wafadhili walikuwa wamempeleka kwingine.

Mwenyekiti alifunua karatasi zake. "Lakini mama, si wewe uliyesimama hapa ukasema wote wasikie laini moja? Tuliandika."

Wengine walicheka kidogo, bila ubaya. Wakaendelea na jambo la stima ya mlingoti.

Wesonga alimkuta nje akitafuta leso kwenye mkoba. Safari hii alikuwa ameshika kofia mkononi tangu mwanzo.

"Mama, mimi nilifuata amri," alisema. "Hata wewe."

Kavetsa alimkata jicho, akafunga mkoba akaondoka. Ilikuwa kweli.

Murunga alimwambia aache kazi. Alisema ataunda meza za hoteli, ataunda vitanda, watakula. "Nikitoka, Lindi ikiungua ni nani atajua kanisa la mabati liko wapi?" Kavetsa alimwuliza. Akabaki. Kila alasiri Wesonga alipoingia kusema kuna operesheni, na aliingia mara nyingi mwaka huo, Kavetsa aliomba kwenda msalani, na opareta mwenzake akashika redio. Mkubwa aliona, akanyamaza. Hakuna lori lililokosa kujaa kwa sababu ya Kavetsa kuwa msalani.

Operesheni zilikwisha kwa njia nyingine kabisa. Kaunsili mojawapo iliacha kulipa sehemu yake ya stima ya mlingoti, nyingine ikakasirika ikaacha pia, na betri za redio za mkononi zikafa moja moja bila kununuliwa nyingine. Ikafika siku Kavetsa akabonyeza kitufe akasikia mvumo tu. Akarudi kwenye simu zake mbili. Moto uliofuata Kibera ulikuwa mbaya, na gari la jirani lilipotea tena, safari hii upande wa reli. Aliwajibu waliopiga, mmoja mmoja, mpaka zamu ikaisha.

Mwisho wa mwaka wa tisini na nane mama yao aliugua, Kavetsa akapata ruhusa akaenda Maragoli. Alipokwisha kumwona mama alimkuta Lenah nyuma ya nyumba akipalilia mahindi, amekonda, kitambaa cheupe kichwani. Walikuwa hawajaonana tangu siku ile ya kuagana mbele ya benchi la Murunga. Lenah alimsalimu kwa mkono, akauliza Murunga na watoto, akaendelea kulima. Kavetsa akavua viatu akaingia shambani akaanza kung'oa magugu kwa mkono katika mstari wa pili. Walifika mwisho wa shamba bila neno.

"Wewe ulisikia kila kitu kwa hiyo redio," Lenah alisema ghafla, akiegemea jembe. "Mutheu alisema kitu?"

"Sikumsikia. Ni askari mmoja kijana tu alisema haamki."

"Hakuniita?"

"Sijui, dada. Kulikuwa na kelele."

Lenah alikaa akitazama upande wa barabara.

"Mimi huota ananiita," alisema. "Nikiamka najua hawezi, alijua siko." Akapangusa jembe kwa jani la mgomba. "Mama ameshalala. Chai iko jikoni. Kunywa, halafu uende kabla mvua haijashika, gari la mwisho halingoji."

Kavetsa alikunywa chai akiwa peke yake jikoni, akaosha kikombe, akakifunika. Aliporudi nje kuaga, Lenah alikuwa ameshaanza mstari mwingine, mgongo wake ukielekea nyumba. Kavetsa alimwita mara moja, kwa sauti yake ya chini, akangoja. Jembe halikusimama. Kisha akachukua viatu vyake mkononi akateremka kwenda barabarani.